Mgema wa Kando ya Ziwa

Watu wanaotalii kwa meli kwenye mto Rhine au Mosel, au Douro nchini Ureno, hushuka asubuhi katika mji mdogo, wakapanda mteremko wa mizabibu, kisha wakaingizwa ghala la chini ya ardhi kuonjeshwa mvinyo wa miaka mbalimbali. Mabonde hayo yana sifa yake. Eneo la mizabibu la Douro liliwekewa mipaka ya kisheria tangu mwaka 1756, na mvinyo uliozaliwa huko unaweza kukaa chupani miaka ishirini ukimsubiri mnywaji. Sisi wa Kalemie, nchini Kongo, maji ya kusafiria tunayo. Tuna ziwa Tanganyika lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, na pembeni mwa mji tuna Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya ziwa hilo na kuyapeleka Lualaba, hadi mto Kongo, hadi bahari ya Atlantiki. Kileo chetu kinachotoka mtini, tembo la mchikichi, nacho tunacho, ila hakimsubiri mtu. Anayetaka kukijua lazima akifuate kilipo, na saa yake.

Mizabibu iliyo karibu nasi iko Dodoma. Msafiri huvuka ziwa hadi Kigoma, kisha hushika reli ya kati iliyofika hapo mwaka 1914. Huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hakuna baridi ya kuilaza mizabibu usingizi; mkulima ndiye anayeuamsha msimu kwa kuipogoa. Nalitaja hili kwa sababu ustadi wa mgema wetu nao umo katika kukata. Tofauti ni kwamba mkulima wa Dodoma hukata, akaacha mzabibu ufanye kazi miezi mingi. Mgema hukata asubuhi na jioni, kila siku, mpaka ua liishe.

Kabla ya kukata kuna kuchagua, na hapo ndipo wengi hawaoni kazi inayofanyika. Mchikichi mmoja hutoa maua dume na maua jike kwa zamu, kila ua likichipukia kwenye kwapa la kuti lake. Jike ndilo litakalokuwa kole la chikichi, na mawese ya nyumbani yanatoka humo. Dume kazi yake ni chavua, na ndilo analolitafuta mgema. Akikosea akagema jike, ameimwaga mboga ya familia. Basi utamwona amesimama chini, mikono nyuma, anauzunguka mti akitazama juu, halafu anaondoka kwenda mti mwingine bila kusema neno. Anatafuta ua ambalo limeshakomaa lakini halijafunguka. Likiwa changa mno halitoi kitu, na likishachanua nyuki wameshafika na utamu umeshakwenda kwao.

Kupanda kwenyewe kunafanywa kwa kamba nene iliyosokotwa, inayozunguka shina na kiuno pamoja. Mgema huegemea nyuma mpaka kamba ikaze, hukanyaga shina hatua mbili, kisha huisogeza kamba kwenda juu kwa mkupuo mmoja wa mikono. Uzito wake ndio unaomshikilia. Anayeogopa na kulikumbatia shina ndiye anayeteleza. Anayejiachia nyuma yuko salama. Kijana anayefunzwa huanzia miti mifupi, na sijaona mzee anayemharakisha kwenda mirefu. Mchikichi mkongwe hupita mita ishirini, na huko juu mtu anahitaji mikono miwili huru: mmoja wa kisu, mwingine wa kibuyu.

Akifika kileleni, kwanza husafisha. Hupunguza makuti yaliyomzuia, hutoa miiba kwenye shina la kuti, hufungua njia ya mkono wake. Kisha hukata ncha ya ua, hutia kijiti cha mwanzi kiwe mfereji, na chini yake hufunga kibuyu au bido dogo, mdomo ukiwa umezibwa kwa majani ili nyigu wasizame. Siku ya kwanza mara nyingi hakuna cha kusifia. Ua linahitaji kuzoezwa. Kila arudipo hulichonga tena, kwa sababu jeraha la mti hujifunga lenyewe na utomvu ukasimama. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote katika kazi hii: kile kipande anachokitoa. Ni chembamba kiasi kwamba mwanga unapita. Kisu chake kinanolewa kila siku, tena hakitumiki kwa kazi nyingine yoyote, hata kumenya muhogo.

Nilimwuliza mmoja wao, "Papa, mbona unakata kidogo namna hii?"

"Mtoto wangu, nikikata sana leo nitapata bido zima," akanijibu. "Kesho nitakuja kuchukua nini?"

Ipo njia nyingine, ya kuuangusha mti mzima, kutoboa moyo wake na kukinga utomvu wiki kadhaa mpaka mti ufe. Kwa mti mzee uliokwisha kuzaa, ambao hakuna tena anayethubutu kuupanda, nakubali kwamba ina maana yake. Kwa mti wenye nguvu nauona ni uharibifu, hata kama tembo lake ni lingi. Haihitaji kujua ua, wala kamba, wala ule mkato mwembamba. Inahitaji shoka.

Sasa kuonja. Utomvu unapodondoka ni karibu maji matupu kwa rangi, wenye sukari ya asilimia kumi hivi au zaidi kidogo. Lakini hamira zimeshauingia kutoka hewani, kwa wadudu, na zaidi kutoka kwenye kibuyu chenyewe, ambacho mgema mzuri hakioshi hadi king'ae. Huacha masalia ya jana yaianzishe kazi ya leo. Ndani ya saa chache rangi inageuka kuwa nyeupe ya maziwa na povu linapanda. Bakteria nao wanafanya kazi sambamba na hamira, na tindikali inaongezeka pamoja na kilevi. Baada ya siku nzima kilevi kimefika kama asilimia nne au tano, na baada ya hapo siki inakuja mbio.

Kwenye Mosel mgeni hutembea kutoka ghala hadi ghala ili aonje tofauti. Kando ya Tanganyika unaketi mahali pamoja, na tofauti inakujia. Tembo la alfajiri ni tamu, linachomachoma ulimi, na watoto hupewa kidogo. Kufikia saa nne lina uchangamfu, harufu yake imefunguka, utamu umerudi nyuma. Hilo ndilo langu mimi. Adhuhuri lina uchachu unaokwenda vizuri na ndakala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa. La jioni ni kali, kavu, la wazee wanaojua wanachotafuta. Mgema anazijua saa hizi zote kwa pua yake. Anaweza kuchanganya la asubuhi na masalia ya jana mpaka lifikie pale mteja wake anapolitaka, na kipimo chake ni kuonja tone kwenye kiganja.

Anayelimimina hulinywa yeye kwanza mbele yako, ujue ni salama, na wengi humwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Adabu ya kunywa ni jambo la zamani katika nchi hizi. Waluba, ambao ni wengi katika jimbo letu, husimulia habari za Nkongolo Mwamba, mfalme mkatili na mlevi aliyekula na kunywa mbele za watu, na za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, aliyejificha kila alipokula. Ufalme ulikwenda kwa mwana wa huyu wa pili, Kalala Ilunga.

Watu wa pwani, kwa upande wao, wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ninawaheshimu, lakini wagema ninaowajua hawaharibiwi na sifa. Wanaharibiwa na haraka ya mnunuzi anayetaka mabido kumi kabla ya jua kutoka, asiyejali yametoka kwenye ua au kwenye mti ulioangushwa. Maji hutiwa ili kujaza mabido hayo.

Inawezekana kulitia tembo chupani. Likipashwa moto kiasi, hamira hufa na kinywaji hukaa miezi. Nijeria wamelifanya hilo na kuliuza. Sioni ubaya, maana mtu wa Lubumbashi naye ana haki ya kupata ladha ya nyumbani. Ila chupani tembo limesimama kwenye saa moja tu, saa aliyoichagua mwenye mtambo, nalo ni kinywaji kinachopendwa kwa sababu hakisimami.

Atakayekuja kututembelea aondoke mjini kwa boti ya moteri kungali giza, hasa kati ya Mei na Agosti, kwa kuwa upepo wa kusini huamsha mawimbi mchana. Aje na kikombe chake. Akifika amkute mgema bado yuko juu, asimwite. Mtu aliye kwenye kamba haitwi. Na akishaonja la asubuhi asikimbilie kurudi. Abaki mpaka saa kumi alasiri, mgema atakapopanda tena kuchonga ua kwa ajili ya usiku, amwombe amwangushie kile kipande kilichokatwa, akishike kati ya vidole, apime mwenyewe unene wake.