Ufundi wa Kugawa Kidogo

Wanafunzi wengi wa kompyuta wanaosomea Kwa Vonza, Kitui, kilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, huwa na kipakatalishi kimoja tu, tena kilichokwisha tumiwa na wengine. RAM yake ni gigabaiti 4. Ndani mna Windows na kazi zote za muhula, nalo somo la mitandao linadai Linux. Mashine ya pili haipo, na kuifuta Windows ni hatari. Njia iliyobaki ni mashine pepe: Windows ibaki mwenyeji, Linux ije kukaa ndani yake kama mgeni.

Kumkalisha mgeni huyo vizuri ni ufundi kamili. Fundi huanzia kwenye BIOS, aone kama uwezo wa kichakataji wa kubeba mashine pepe umewashwa. Mara nyingi umezimwa, na asiyejua huilaumu programu bure. Kisha unakuja ugawaji. Mgeni akipewa gigabaiti 3, mwenyeji anakabwa na wote wawili wanakwama. Kwa hiyo fundi humtafuta mgeni asiye mlaji, Linux ya Debian yenye madirisha mepesi ya XFCE au hata isiyo na madirisha kabisa, akamtengea gigabaiti 1 na faili la diski linalokua kadiri linavyojazwa. Faili la usakinishaji hupitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, maana bando ni ghali.

Ninachokipenda kuliko vyote ni nakala ya hali, ile inayohifadhi mashine nzima ilivyo kwa wakati huo. Mkulima wa Makueni anayepandikiza kikonyo cha embe la Apple kwenye mche wa kienyeji naye humweka mgeni juu ya mizizi ya mwenyeji, ila kisu chake kikishakata kimekata. Mwanafunzi mwenye nakala anaweza kufuta saraka nzima ya mfumo, aione mashine ikifa mbele yake, aelewe imekufa kwa nini, kisha aifufue kwa dakika chache. Uhuru wa kuharibu kwa kawaida ni wa wenye pesa. Hapa anaupata asiye nazo.

Wala si ajabu, kwani uhaba ndio uliouzaa ufundi huu. Katikati ya miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mali ya taasisi kubwa, na wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, wakatengeneza mfumo wa CP-40 ili kila mtumiaji aone ana mashine yake peke yake. Vichakataji vya Intel vya kompyuta ndogo havikuundwa kwa kazi hiyo. Kampuni ya VMware ilipotoa programu yake ya mashine pepe mwaka 1999, ilibidi izitafsiri amri hatari za mgeni papo hapo. Intel iliweka msaada ndani ya kichakataji chenyewe mwaka 2005 tu.

Leo ufundi huo umefika Makueni kwa kiwango cha taifa. Konza, ambako Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia Januari 2013, kuna kituo cha kitaifa cha data, na mashine pepe ni sehemu ya kazi yake. Maamuzi ni yale yale: kumbukumbu kiasi gani, diski kiasi gani, nakala ichukuliwe lini. Ningekuwa mwajiri huko, ningemuuliza kila mwombaji kazi mgeni wake wa kwanza alimtengea megabaiti ngapi, na alifikiaje kiasi hicho.