Sindano Chini ya Lupanga

Santuri haishikwi usoni. Mjomba alinifundisha hivyo kabla hajaniruhusu hata kuigusa gramafoni yake: kiganja kwenye ukingo, vidole vya mkono wa pili kwenye lebo, basi. Sisi Waluguru ukoo wetu unafuata mama, na mjomba ni mzee wa mtu. Alipofariki, sanduku lake la santuri lilikuja kwangu mimi mpwa wake. Ndani mlikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na Super Volcano aliyoiunda Mbaraka mwaka 1973. Nyingi ni zile ndogo za inchi saba, za mizunguko 45 kwa dakika.

Mwaka juzi nikaongeza humo santuri kubwa ambayo mjomba hakuijua. Inaitwa Duma.

Msomaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo atamwona mnyama akikimbia mbugani, na kwa kasi ya ngoma zake hatakuwa amekosea sana. Lakini wenyewe wamelitoa katika Kikuyu, kwa maana ya giza. Ni Wakenya wawili, Martin Kanja mwenye sauti na Sam Karugu mwenye gitaa na mashine za ngoma, waliokulia katika kundi dogo la wapenzi wa muziki wa metali jijini Nairobi, wakaenda kurekodi Kampala. Kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya hukohuko Kampala ikaitoa albamu yao Agosti 2020.

Mzizi mmoja wa muziki huu uko kwenye bleki metali, tawi lililopata jina kutokana na albamu ya mwaka 1982 ya Venom, bendi ya Uingereza, kisha likakomaa Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1990: gitaa linachokonolewa uzi mmoja kwa kasi bila kupumzika, dramu zinamiminika, na mtu anapiga ukelele mahali pa kuimba. Huko Norwei baadhi ya vijana wake walichoma makanisa ya mbao, wengine wakafikia kuua. Nalitaja kwa sababu sitaki kulipita kando. Uovu ule siupendi wala siupambi. Ninachokipenda ni ufundi, na Duma wameuchukua ufundi huo wakauzamisha ndani ya kelele za mashine na ngoma zinazokwenda kwa kasi ambayo mikono ya binadamu haiiwezi. Mtanzania aliyekua na singeli hashtuki. Nyege Nyege Tapes haohao ndio walioutoa mkusanyiko wa singeli, Sounds of Sisso, mwaka 2017, kutoka studio ya Mburahati, Dar es Salaam. Masikio yetu yalishakimbizwa zamani.

Kukata santuri ni kazi ya fundi, na kwa muziki wa namna hii ni kazi ngumu. Kila upande una mfereji mmoja tu, unaojizungusha kama ganda la konokono kutoka ukingoni hadi karibu na lebo, na sauti yote imeandikwa katika kuta za mfereji huo. Besi nzito hutaka mfereji mpana, na mfereji ukiwa mpana nafasi inakwisha upesi. Kwa hiyo besi hupunguzwa wakati wa kukata, kisha amplifaya ya nyumbani ikairudisha. Ukelele nao una hatari yake. Sauti kali za juu hukipasha moto kichwa cha kukatia, na zikifika karibu na lebo, ambako mzunguko ni mfupi, sindano hushindwa kuzifuata, ukatoka mkwaruzo. Sasa mfikirie fundi aliyeletewa sauti ya Kanja, ambayo huanzia kooni ikapanda hadi mahali ambapo huwezi kusema tena kama ni mtu au ni chuma kinachokatwa. Alilazimika kupima: hapa nipunguze kiasi gani, pale niache nini. Ninaposikia ukelele umebaki ukelele hadi mwisho wa upande, haujageuka mchanga, namshukuru mtu huyo.

Sheria hiyohiyo ya nafasi ndiyo iliyoupa sura muziki wa dansi tulioucheza. Upande mmoja wa santuri ndogo hubeba dakika tatu, nne. Wimbo wa ukumbini haukai humo, basi ukakatwa: sehemu ya 1 maneno, sehemu ya 2 magitaa na chemko. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha santuri. Sauti za Morogoro zilifyatuliwa Kenya zikaturudia zikiwa na lebo za kule. Mjomba alikuwa mwepesi wa kugeuza upande. Mkono wa sindano juu, santuri inapinduka kati ya viganja viwili, sindano chini, na wachezaji bado wamesimama na mguu mmoja mbele. Nimejaribu miaka yote hii na bado sijaifikia kasi yake.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa jingine. Siku moja aliweka santuri ya Morogoro Jazz akaniambia, "Mpwa wangu, leo msikilize mpiga ridhimu peke yake. Solo achana naye, hata akikuita." Nilidhani ni jambo rahisi. Gitaa la Mbaraka likaanza kucharaza, likanibeba kabla wimbo haujafika nusu. Akarudisha sindano mwanzo. Tulirudia mara sita au saba hadi nikaweza kukaa na yule wa chini, anayerudia kifungu kilekile kidogo tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuchoka na bila kusifiwa na yeyote. Ukishampata huyo, wimbo mzima unabadilika. Unaanza kuona kwamba solo anaruka kwa sababu kuna mtu ameshika ardhi.

Hivyo ndivyo nilivyomwingia Duma. Mara ya kwanza niliposhusha sindano kwenye wimbo wa kufungulia, Angels and Abysses, nilisikia ukuta tu. Nikakumbuka ridhimu. Siku ya pili nikasikiliza ngoma peke yake, ya tatu gitaa, ya nne sauti ya mtu. Siku ya gitaa ndiyo iliyonifungua. Chini ya kelele zote zile kuna vidole vya Karugu vinazunguka mahali pamoja, polepole kuliko unavyodhani, kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Kwa mtu wa Morogoro hili si geni. Asubuhi za masika Lupanga haupo. Unatazama kutoka Bigwa na kuna weupe tu mahali palipopaswa kuwa na mlima wa mita 2,138. Hausogei, hauondoki. Ukikaa, kwenye saa tatu hivi unaanza kuuona mti mmoja, halafu ukingo wa shamba la migomba, halafu mgongo wa mlima. Haukuwa umekwenda popote.

Masika yenyewe ni adui wa santuri. Unyevu unaoteremka kutoka milima ya Uluguru huingia sandukuni, na ukungu mweupe huota ndani ya makava hadi kwenye mfereji. Mimi huziosha kila Mei. Maji ya mvua niliyoyakinga, tone la sabuni ya maji, kitambaa laini cha pamba. Unafuta kwa kufuata mzunguko, kamwe si kukatiza, na lebo isiguswe na tone. Kisha unaziegemeza kivulini, zote zikitazama upande mmoja. Ni kazi ya siku nzima na siioni kuwa ndefu. Mwaka mmoja niliharakisha, nikaiacha santuri moja kwenye kiti cha gari pale Msamvu, jua la saa saba. Nilipoirudia ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba. Ilikuwa ya Salum Abdallah, na sijapata nyingine.

Aprili iliyopita, jioni, nilikuwa nimeweka upande wa pili wa Duma. Mvua ilikuwa imepungua, mabati yakidondosha matone ya mwisho. Jirani yangu, mama wa makamo aliyeolewa huku akitokea Kinole, alikuja mbio hadi mlangoni, khanga begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nani kafiwa?"

Nikamwambia hakuna msiba, ni santuri. Akaingia, akasimama mbele ya gramafoni akiitazama ikizunguka. Nilikaribia kuizima kwa adabu, akanizuia kwa mkono. Akavuta kigoda, akakaa.

"Basi huyu ndiye aliyefiwa," akasema.

Nimesoma na kusikia mengi juu ya sauti ya Kanja, wengi wakiiita hasira, wengine mapepo. Yeye, ambaye ameketi mikekani kwenye matanga mengi kuliko ninayoweza kuhesabu, aliisikia mara moja akaijua. Kwetu mwanamke hupokea habari ya kifo kwa ukelele kama huo, usio na maneno, na nyumba tatu za mbele hujua bila kuambiwa. Hakuna aliyewahi kuuita kelele. Nilikuwa nimekaa na santuri ile miezi mingi, nimeipasua vipandevipande, ngoma siku yake, gitaa siku yake, na hilo sikuwa nimelisikia.

Tukiwa hapo umeme ukakatika. Santuri haikatiki ghafla kama redio. Spika zilinyamaza papo hapo, lakini sahani iliendelea kuzunguka, ikapungua, ikapungua, na katika giza lile tukaisikia sindano yenyewe ikisema, sauti nyembamba kama ya mbu, ukelele ukizama hadi ukawa mguno, hadi ukawa hakuna. Mama akauliza ile ya mwisho imetoka wapi ilhali umeme haupo. Nikamweleza kwamba sauti imo kwenye santuri, umeme unaikuza tu.

Akataka aione. Nikawasha tochi ya simu. Nikaweka kidole changu cha shahada kwenye lebo, mbali na mfereji, nikaanza kuizungusha kwa mkono, mzunguko mmoja kwa chini kidogo ya sekunde mbili, kwa kadiri nilivyoweza kukisia. Ilipanda na kushuka, mkono wangu si mashine. Lakini ilikuwepo. Mama akainama, sikio lake karibu na sindano, akashika ushungi usiguse. Nje vyura wa bondeni walikuwa wameanza. Kidole kilipochoka nikaacha.

"Zungusha tena," akasema.