Aliyejua Kukataa

Katika kijiji kimoja juu ya Mbale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kuna mzee ambaye kazi yake ni kukataa kahawa ya watu. Chama cha msingi cha ushirika kilimkabidhi mzani angali kijana, na mpaka leo ukiuliza utaambiwa yeye ni mpimaji. Kupima ndiko kudogo. Kazi yenyewe hufanyika kabla gunia halijatundikwa.

Kwanza huzamisha mkono guniani hadi kiwiko, maana kila mkulima anajua kuweka kahawa nzuri juu. Huchota ya chini, huitandaza kiganjani, huigeuzageuza kwa kidole gumba. Ganda likiwa na madoa, ama kahawa ilivundikwa kupita kiasi, ama mvua iliikuta kichanjani na mwenyewe hakuwahi kuifunika. Hukunja ngumi na kuitikisa karibu na sikio. Kisha hutia punje moja mdomoni na kuiuma. Jino likiacha alama, kahawa haijakauka, hata mwenyewe aape kwamba imekaa juani wiki mbili. Mwisho huinusa. Nilipokuwa hapo aliinusa ya mama mmoja, akanyamaza, akainusa tena, akauliza kwa upole, "Mama, hii ililala wapi?" Ililala jikoni, kando ya dumu la mafuta ya taa.

Hakumfokea. Alimpa ainuse mwenyewe, na majirani waliokuwa kwenye foleni nao wakanyoosha viganja wakanusa. Kabla ya kufika mzanini, nusu ya foleni ilikwisha kujifunza jambo. Nyuma ya mama yule alikuwapo shemeji wa mzee mwenyewe. Wanaowajua Wagisu, wenyeji wa miteremko hii, wanajua uzito wa shemeji. Mzee aliuma punje, akaitema, akasema, "Shemeji, irudishe juani siku tatu, halafu uje." Shemeji alifunga gunia lake bila neno. Nadhani hawakusalimiana kwa muda. Lakini hapo hapo kila mtu kwenye foleni alijua kwamba kipimo ni kimoja, na hakuna aliyebishana tena.

Nimewahi kuketi kwenye semina katika hoteli moja ya Jinja, madirisha yakitazama mto Nile, tukifundishwa usimamizi wa bidhaa, ufanyaji maamuzi na uongozi wa timu. Mkufunzi alikuwa hodari, na chai ilikuwa na sambusa. Tulichora viboksi na mishale ukutani mpaka karatasi zikaisha. Hakuna aliyeuliza kama kazini kwake yupo mtu anayeweza kurudisha gunia la shemeji.

Na semina hiyo ilikuwa Jinja, mji ambao ungeweza kutufundisha bila karatasi. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua pale bwawa la Owen Falls, na viwanda vikaufuata umeme. Kilomita chache kutoka hapo kulikuwa na Kakira, mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha ukoo wa Madhvani. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia. Mitambo haikufukuzwa, ilibaki pale pale ilipofungwa. Ukoo uliporudi mwaka 1985 ulikuta magofu ya kazi yao, ikabidi waanze upya. Uamuzi ulikuwa umekabidhiwa watu ambao hawakuujua mtambo, na mtambo hauheshimu cheo.

Mwaka huo huo wa bwawa, Mbale ilipata chama chake kikuu cha ushirika, Bugisu Cooperative Union. Wakulima walitaka jambo moja, kwamba kahawa yao ipimwe na iuzwe na watu wao. Haikuwa amani tupu: mwaka 1958 serikali ya kikoloni iliunda tume ya kuchunguza mambo ya chama hicho, na ugomvi wa nani aamue haukuisha hapo. Lakini jina la Bugisu lilisimama sokoni ng'ambo, na lilisimama kwa sababu ya yale yaliyokataliwa huku vijijini.

Wakaja wakubwa wa Kampala, Bodi ya Kahawa ikawa mnunuzi pekee, malipo yakachelewa. Baridi kali ya mwaka 1975 ilipoua mibuni ya Brazil na bei ya dunia kupaa, kahawa ya Uganda ilivuka mpaka usiku kwa magendo hadi Chepkube, upande wa Kenya. Miaka ya tisini mwanzoni soko likafunguliwa.

Soko likiwa huru, wapo waliokumbuka ufundi ule wa kukataa. J.J. Keki, mkulima wa jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya karibu na Mbale, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001. Aliporudi aliwaendea jirani zake Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa, Peace Kawomera. Dunia ilipenda habari ile kwa sababu ya amani. Mimi huipenda kwa sababu nyingine: watu wasiosali pamoja walikubali kipimo kimoja.

Kwingineko anakuja mnunuzi kwa pikipiki, mzani wa ndoano begani. Ananunua iliyolowa, ananunua iliyochumwa usiku ikiwa kijani kwenye shamba la mtu. Haumi punje. Bei ni ile ile kwa mzembe na kwa mwangalifu, na mwangalifu ana watoto wa kusomesha, naye msimu ujao hataona sababu ya kusubiri tunda liive.

Gharama haipotei, inateremka tu mlimani. Viwandani Mbale wanawake huketi wakichambua kwa mkono, punje kwa punje, yale ambayo jino moja lingeyamaliza kule juu. Punje nyeusi wanaiona. Harufu ya mafuta ya taa haionekani kwa macho, hivyo inapita, inafungwa guniani, inapanda meli Mombasa. Atakayeionja Hamburg atairudisha kwa barua kwa msafirishaji, msafirishaji atashusha bei ya msimu ujao, na mama mwenye dumu jikoni atasikia tu kwamba bei imeshuka.