Adabu ya Kitenzi

Miongoni mwa sanaa ambazo mwanadamu huzitumia kila siku bila ya kuzipa jina, iko moja inayostahili sifa kubwa kuliko inayopewa, nayo ni ustadi wa msemaji wa Kiingereza ambaye, katika mazungumzo ya kawaida, huchagua wakati wa kitenzi ulio sawa na kitenzi kisaidizi kilicho mahali pake. Wengi hudhani kuwa hilo ni jambo la darasani, na kwamba mtihani ukipita nalo limepita. Bali kwa hakika ni jambo la insafu, kwa kuwa kila atamkapo kitenzi msemaji humjulisha msikilizaji mambo mawili kwa pamoja: kadiri ya yakini aliyo nayo, na kadiri ya haki anayojipa juu ya mwenziwe.

Na tumtazame karani mmoja ofisini, aliyejiwa alasiri na mgeni amwulizaye mkubwa wake. Ikiwa kwa macho yake alimwona mkubwa akishuka ngazi saa kumi, atajibu “He left at four”, na wakati uliopita utalifunga tendo pamoja na saa yake. Ikiwa saa si kitu, na lenye maana ni kwamba kiti ki kitupu sasa hivi, atajibu “He has left”, kwani umbo hili, lililo jirani wa -me- yetu, hulivuta tendo lililokwisha likasimama mbele ya anayeuliza. Ikiwa hakumwona akitoka, lakini kofia haipo msumarini na madirisha yamefungwa, insafu humtaka aseme “He must have left”, ambayo si habari ya jicho bali ni hukumu ya akili juu ya dalili. Na ikiwa kofia ingalipo ila mwenyewe haonekani, “He may have left” yatosha. Majibu yote manne ni mepesi ulimini. Lakini karani atoaye la kwanza ilhali ajualo ni la nne tu, amejitwalia yakini isiyokuwa yake, hata ikitokea kuwa mkubwa aliondoka saa kumi kamili.

Upande wa pili wa ustadi huu ni staha. Could, might, should na would asili yake ni maumbo ya wakati uliopita ya can, may, shall na will, lakini leo aghalabu hayasemi lolote juu ya jana. Umbali wa wakati umegeuka kuwa umbali wa heshima. Asemaye “Could you open the window?” haulizi uwezo wa zamani, bali hurudi nyuma hatua moja ili anayeombwa apate nafasi ya kukataa bila ya kutahayari. Mswahili hana haja ya kulistaajabia jambo hilo, kwani naye husema “nilikuwa naomba” akiwa anaomba saa ile ile, na “ningependa” akiwa anapenda kwa moyo wote.

Wala madhara ya kukosea hayakomi kwenye adabu. Must na have to hukaribiana sana katika kukubali, lakini zikikanushwa hutengana: “You must not take it” humkataza mgonjwa dawa, na “You don't have to take it” humwachia hiari yake. Muuguzi azichanganyaye hizo mbili amemnyima mtu dawa aliyoruhusiwa, au amemruhusu iliyo haramu kwa mwili wake.

Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, alitoa kwa Kilatini sarufi ya Kiingereza, akaeleza humo kwamba katika nafsi ya kwanza shall hubashiri tu, ilhali will huahidi au hutisha, na katika nafsi nyingine mambo hugeuka. Wanafunzi wa vizazi vingi walikaririshwa kanuni hiyo, na leo wasemaji walio wengi hawaishiki tena, kwani will imetwaa karibu kazi yote. Hata hivyo haja iliyoizaa kanuni haikuchakaa pamoja nayo: kubashiri si kuahidi, na muungwana hupenda ijulikane ni lipi kati ya hayo mawili amelitamka.

Kwa hiyo namsifu ajifunzaye lugha hiyo kwa subira, asiyeridhika na kueleweka tu, bali hujiuliza kabla ya kunena: nalijuaje hili, na nina haki gani juu ya huyu? Majibu ya maswali hayo humwonyesha kitenzi cha kutumia. Na azoeaye kuyauliza katika lugha ya kigeni, hawezi kuendelea kusema ovyo katika lugha ya mama yake.