Ikonio: sinagogi ilivyobeba nusu ya kazi

Matendo ya Mitume 14 inasema kwa ufupi kwamba Paulo na Barnaba waliingia katika sinagogi ya Ikonio, mji ambao leo ni Konya, Uturuki, wakahubiri hata Wayahudi na Wayunani wengi wakaamini. Hotuba yenyewe Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hakuiandika. Lakini sura ya 13 inaonyesha kwa kirefu walivyofanya Antiokia ya Pisidia, kituo kilichotangulia, na mbinu yao inasomeka humo.

Siku ya Sabato ilisomwa torati, kisha vitabu vya manabii, ndipo wakuu wa sinagogi wakawakaribisha wageni wenye neno la kuwaonya watu. Hakuna ukumbi wa kutafuta wala mbiu ya kupiga. Paulo, mwanafunzi wa Gamalieli, mwalimu wa torati, akasimama. Pembeni yake Barnaba, Mlawi wa Kupro. Paulo akawasalimu watu wa aina mbili: Waisraeli, na wale wanaomcha Mungu.

Hao wacha Mungu ndio siri ya jambo lote. Walikuwa watu wa mataifa waliohudhuria sinagogi na kuyasikia maandiko kwa Kiyunani, ila wengi hawakutahiriwa. Jiwe lenye maandishi la mji wa Aphrodisias, la karne za baadaye, linaorodhesha watu wa namna hiyo, hata madiwani wa mji. Kwao Paulo hakuwa na haja ya kueleza Daudi ni nani. Akapita Misri, jangwani, kwa Daudi, hadi Yesu. Myahudi alisikia ahadi imetimia; mcha Mungu akasikia kwamba kila aaminiye anahesabiwa haki, bila kutajiwa tohara. Hotuba ni moja, na kila upande umepata chake.

Ukitaka kupima sinagogi ilivyowasaidia, tazama Listra, mji waliofika baada ya Ikonio, ambako Luka haitaji sinagogi kabisa. Kiwete akaponywa, umati ukapaza sauti kwa Kilikaonia, Barnaba akaitwa Zeu na Paulo Herme, majina ya miungu ya Wayunani, kwa kuwa Paulo ndiye msemaji, na mafahali wakaletwa ili watolewe sadaka. Ikabidi wahubiri juu ya mvua na mavuno, bila kunukuu nabii hata mmoja, na kwa shida wakazuia sadaka.

Mbinu ilikuwa na gharama. Sinagogi haikupenda kunyang'anywa marafiki wake wenye vyeo. Antiokia, wapinzani waliwachochea wanawake wacha Mungu wenye heshima, mitume wakafukuzwa. Ikonio, mji uligawanyika, wakakimbia mawe. Hata hivyo, alipofika Thesalonike, sasa akiwa na mwenzake Sila, Paulo alianzia tena sinagogini, Sabato tatu.