Dakika 33 Zilizozidi

Miadi ya saa tatu kamili asubuhi ikionekana kwenye mfumo kuwa ya saa tatu na dakika 33, wa kwanza kulaumiwa ni saa ya seva. Inaonewa. Ni nadra saa mbovu kuongeza dakika zile zile 33 kwa kila mteja, kila siku.

Anayesaka hitilafu za namna hii huanza kwa kupima tofauti yenyewe. Ikiwa ni saa 3, basi kuna mahali ambapo saa ya UTC imesomwa kana kwamba ni ya Afrika Mashariki. Ikiwa ni saa 6, huenda aliyejaza fomu alihesabu saa kwa Kiswahili, na hapo cha kurekebisha ni fomu. Dakika 33 ni kesi nyingine kabisa. Kwa waandishi wa Python, mshukiwa ni maktaba ya pytz.

Mstari wenyewe unaonekana hauna neno:

datetime(2024, 5, 6, 9, 0, tzinfo=pytz.timezone("Africa/Nairobi"))

Ukiugeuza kuwa UTC, jibu sahihi ni 06:00. Unapata 06:33. Ukiuchapisha kwenye skrini, badala ya EAT na +3:00 utakuta LMT na +2:27.

LMT ni saa ya jua ya mahali husika. Nairobi iko karibu nyuzi 36.8 mashariki ya Greenwich, na dunia huzunguka nyuzi moja kila dakika 4; ukizidisha, unapata saa 2 na dakika 27. Katika hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta duniani kote, hiyo ndiyo saa ya Nairobi hadi 1908. Baadaye zikaja 2:30 na 2:45, kabla ya kutulia kwenye 3:00. Sasa, kanda ya pytz isipojulishwa tarehe hushika rekodi ya kwanza kwenye orodha, nayo datetime hubandika inachopewa bila kuhoji. Dar es Salaam na Kampala nazo haziponi, kwani huelekezwa kwenye rekodi hiyo hiyo ya Nairobi.

Dawa ni kuunda tarehe tupu kwanza, kisha kuipitisha kwenye localize. Nafuu zaidi ni kuhamia zoneinfo, iliyokuja na Python 3.9 mwaka 2020. Yenyewe huitazama tarehe kila inapoulizwa, kwa hiyo mtindo ule ule wa tzinfo unakuwa salama.

Kazi ngumu ni data ya zamani. Kupunguza dakika 33 kwenye jedwali zima ni kuharibu upya, maana rekodi zilizoandikwa kwa datetime.now(kanda) zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Pytz haikosei hapo. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, kisha gusa safu zilizopita kwenye mstari mbovu tu.