Kanisa la Kampuni

Sisi wa Mbulu na Hanang tunaijua Norwei kupitia Haydom, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka nchi hiyo. Lakini huko kwao upo mji mmoja ambao ni wachache wetu waliousikia, nao una la kutufunza. Mji huo ni Røros, uliozaliwa na mgodi wa shaba mwaka 1644.

Mwaka 1784 kampuni ya mgodi ilimaliza kujenga hapo kanisa la mawe, lenye pembe nane na nafasi ya watu wapatao 1,600. Nyumba za wachimbaji zilikuwa za mbao, karibu na malundo meusi ya takataka za kuyeyushia shaba. Kanisa lilisimama jeupe juu ya yote hayo. Wenyeji huliita pambo la mji, na kwa macho tu hawakukosea.

Hata hivyo mimi nina neno. Tazama mnarani: pana nyundo, alama ya kampuni. Tazama ukutani: picha za wakurugenzi wa mgodi zimetundikwa pamoja na za wachungaji. Waumini nao waliketi kwa vyeo, wakubwa mahali pao na wachimbaji mahali pao. Mtu aliyeamriwa shimoni juma zima aliingia nyumba ya Mungu siku ya Jumapili, akakutana na bwana yule yule. Uzuri wa namna hiyo unamkumbusha maskini nani aliyelipa.

Mwaka 1977 kampuni ilifilisika, baada ya miaka 333. Kanisa halikuanguka nayo. Mwaka 1980 UNESCO iliuweka mji katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2010 ukarabati mkubwa wa kanisa ulikamilika. Ibada zinaendelea, na watalii huja kulitazama. Kwa maoni yangu, kanisa hilo lilipata heshima yake ya kweli lilipokosa tajiri. Tangu hapo waliobaki walilazimika kuamua wenyewe kama wanalitaka.

Ndugu msomaji, uamuzi huo sisi bado hatujaufanya kwa ukamilifu. Leo Haydom ni mali ya KKKT Dayosisi ya Mbulu, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama zake ilitoka Norwei. Fedha hizo zimeokoa maisha ya watu wetu, wala hakuna aibu kuzipokea. Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kila tunapozindua kanisa, zahanati au shule, tunasoma jina la mfadhili, tunapiga makofi na vigelegele, kisha tunakula pilau. Sijasikia katika sherehe hizo mtu akisimama kuuliza ni nani atakayebadilisha bati litakapooza. Swali hilo liulizwe siku ile ile ya kukata utepe, mfadhili akiwa bado amekaa mezani.